Jeni Husafiri kwa Mikono: Ushauri kwa Anayeuguza Mgonjwa Hospitalini

Katika hospitali za Bukavu mgonjwa halazwi peke yake. Hulazwa pamoja na mtu wa kwao: mama, shangazi, mdogo wake, au jirani wa kanisani aliyejitolea. Hapa tunamwita garde-malade. Ndiye anayebeba chungu cha chakula kutoka Kadutu au Bagira, anayefua mashuka, anayemgeuza mgonjwa usiku, anayemwaga mkojo wa sonda, na ndiye anayekabidhiwa ordonansi akimbie nayo farmasi. Ikifika siku ya nne homa haijashuka, swali lake huwa moja: hakuna dawa kali kuliko hii? Makala haya yameandikwa kwa ajili yake. Swali hilo linatoka katika upendo, na hakuna wa kumlaumu anayeliuliza, lakini linampeleka mahali pabaya. Kwa mgonjwa aliye kitandani leo, kujua ni bakteria gani amemwingia, na kumzuia bakteria huyo asihame kutoka kitanda hiki kwenda kile, kuna faida kubwa kuliko kupanda ngazi ya dawa. Maabara na sabuni, kwa lugha fupi, vinapaswa kutangulia farmasi. Ni dai linalohitaji ushahidi, na ushahidi mwingine umetoka hapa hapa mjini.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kuhusu bakteria waliopatikana katika mkojo wa wagonjwa wa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, Bukavu, wale waliolazwa na wale waliokuja na kurudi nyumbani. Aliyeongoza alikuwa E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, akifuatwa na Klebsiella. Dawa ambazo watu wa mji huu huzitaja kwa majina kama wanavyotaja ndugu zao, yaani ampisilini, kotrimoksazoli na siprofloksasini, zilikuwa zimepoteza makali yake kwa sehemu kubwa ya bakteria hao. Uliofuata ulikuwa utafiti wa bakteria wa damu katika hospitali hiyo hiyo, uliochapishwa mwaka 2015. Kisha mwaka 2019 Leonid Irenge na wenzake, wakiwaunganisha watafiti wa Bukavu na wa Université catholique de Louvain ya Ubelgiji, walisoma DNA nzima ya E. coli sugu wa Kivu Kusini. Hapo ndipo jina la mtuhumiwa lilipojulikana kwa ukamilifu: jeni iitwayo CTX-M-15 ndiyo iliyotawala. Kabla ya kuendelea, neno moja. Mtu asisome mistari hii akahitimisha kwamba hospitali hiyo ndiyo chafu na nyingine ni salama. Hospitali inayopima ndiyo inayoonekana; isiyopima hukaa kimya, na kimya chake si afya.

Jeni ni maagizo. CTX-M-15 humwagiza bakteria atengeneze kimeng'enya kinachoivunja seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, na ndugu zake kabla hazijafanya kazi. Sindano inachomwa, fedha imelipwa, dawa imeingia kwenye damu, na bakteria anaisambaratisha kama fundi anayefungua fundo alilozoea. Herufi CTX zinatokana na sefotaksimu, dawa ya ukoo mmoja na seftriaksoni. Herufi M ni ya Munich, mji wa Ujerumani ambako jeni ya kwanza ya kundi hili ilitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Nambari 15 ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2001, kutoka India. Kabla ya hapo mababu wa jeni hizi walikuwa wakiishi bila makelele ndani ya Kluyvera, bakteria wa mazingira ambaye si rahisi kumlaza mtu hospitalini. Kwa hiyo haikuchukua hata miaka 40 kutoka kwa bakteria asiyejulikana hadi kwenye wodi zilizo juu ya Ziwa Kivu. Hakuna bakteria aliyetembea njia hiyo yote mwenyewe. Jeni ndiyo iliyosafiri, ikibadilisha wabebaji njiani.

Namna inavyobadilisha wabebaji ndiyo sehemu ambayo kila anayeuguza mgonjwa anapaswa kuielewa, kwa kuwa ushauri wote unaofuata unasimama juu yake. Jeni hii mara nyingi hukaa katika plasmidi, kipande kidogo cha DNA kilichojikunja kama bangili, kisichoshikamana na DNA kuu ya bakteria. Bakteria mwenye bangili anaweza kujiunganisha na jirani yake kwa daraja jembamba, akampa nakala, naye akabaki na ya kwake. Na jirani si lazima awe wa ukoo wake. E. coli humpa Klebsiella, Klebsiella humpa mwingine. Wajapani ndio walioshtuka kwanza: katika miaka ya 1950 waliona bakteria wa kuhara damu wakizistahimili dawa nne kwa mpigo, na mwaka 1959 wakaonyesha kwamba usugu huo wote uliweza kupokewa kwa mara moja kutoka kwa E. coli. Neno "kwa mpigo" ndilo zito. Bangili moja hubeba shanga nyingi. Plasmidi inayobeba CTX-M-15 mara kwa mara hubeba pia jeni ya kumkinga bakteria dhidi ya kotrimoksazoli, nyingine dhidi ya tetrasaiklini, nyingine inayopunguza nguvu ya siprofloksasini na jentamisini. Maana yake ni kwamba anayekunywa kotrimoksazoli kwa mafua, ambayo ni ugonjwa wa virusi na hausikii dawa hiyo hata kidogo, hachagui tu bakteria wanaoistahimili kotrimoksazoli. Anaipalilia bangili nzima, pamoja na jeni itakayoizuia seftriaksoni siku mtoto wake atakapoihitaji kweli.

Hapo ndipo wodi inapokutana na mtaa. Bukavu ni mji ambao homa yoyote isiyo malaria hupewa jina la tifoidi, na tifoidi hupewa siprofloksasini. Kipimo kinachotumika sana ni cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896, nacho hupima kingamwili. Kingamwili hubaki mwilini baada ya ugonjwa uliopita, na magonjwa mengine pia huweza kuziamsha, kwa hiyo katika mji ambako wengi wamewahi kukutana na bakteria wa jamii ya Salmonella, Widal moja iliyo "chanya" haithibitishi kitu. Tifoidi ipo, inaua, na inatoboa utumbo; lakini anayeambiwa ana tifoidi mara tatu kwa mwaka ana sababu nzuri ya kuuliza kama imewahi kuoteshwa maabara hata mara moja. Kipindupindu nacho kinatufundisha. Kivu Kusini huishi nacho mwaka hadi mwaka, na kila mlipuko watu hukimbilia vidonge, ilhali kinachomwokoa mgonjwa wa kipindupindu ni maji ya chumvi na sukari, au serumu akiwa amezidiwa. Antibiotiki huongezwa kwa wale waliopungukiwa maji vibaya, kufupisha kuhara. Familia nzima kumeza doksisaiklini "kwa kujikinga" bila kuagizwa ni kuinunulia bangili shanga mpya.

Atakayepinga atasema: sawa, kama jeni zimeshaenea hivi, si ndiyo sababu ya kuanza na dawa kali kabisa? Hoja hii ina uzito, na ni lazima ijibiwe kwa takwimu. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti wakiongozwa na Bjørn Blomberg waliwafuatilia watoto waliokuwa na bakteria kwenye damu mwaka 2001 na 2002. Miongoni mwa watoto walioambukizwa bakteria wenye vimeng'enya vya aina tunayoizungumzia, 71 kwa kila 100 walifariki. Walioambukizwa bakteria wa jamii hiyo hiyo wasio na vimeng'enya hivyo, 39. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Lakini isome vizuri. Haisemi kwamba watoto waliofariki walinyimwa dawa kali. Inaelekeza kwenye dawa isiyolingana na bakteria aliyekuwa ndani yao, na kwenye siku zilizopita kabla mtu hajajua. Kilichokosekana mapema huenda kilikuwa taarifa.

Fikra kwamba antibiotiki zimepangwa kama ngazi, chini amoksisilini, katikati sipro, juu seftriaksoni, na juu kabisa ile ya kununuliwa kwa dola, ndiyo inayotupotosha. Hakuna ngazi. Kuna funguo na kufuli. Penisilini, dawa ya zamani kuliko zote katika kundi hili, bado huiponya kaswende kuliko nyingi za bei kubwa. Nitrofurantoini, kidonge cha bei nafuu ambacho hakuna anayejivunia kukinunua, mara nyingi bado huwamaliza E. coli wa kibofu waliokwisha kuishinda siprofloksasini, ingawa haifai kitu bakteria akishaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: zinazopaswa kupatikana kwa urahisi, kama amoksisilini na jentamisini, za kutumiwa kwa uangalifu, ambamo zimo seftriaksoni na siprofloksasini, na za akiba, kama kolistini, ambazo hufunguliwa mlango wakati nyingine zote zimegonga mwamba. Mpaka kati ya makundi hayo umewekwa kwa kuangalia hatari ya kuzalisha usugu, haukuwekwa kwa kupima "ukali." Imipenemu, mojawapo ya antibiotiki zinazohesabiwa kuwa kali, ikipewa mtu ambaye jentamisini ingemtosha haimponyi haraka zaidi. Humwachia tu utumboni bakteria waliojifunza kuishi na imipenemu, na baada ya hapo mlango unaofuata ni mwembamba sana.

Basi garde-malade afanye nini? Jambo la kwanza lifanyike kabla ya sindano ya kwanza, na linahitaji sentensi moja tu iliyosemwa kwa adabu: "Dokta, tunaweza kuchukua damu ya kuotesha kabla ya kuanza dawa?" Au mkojo, au usaha, kulingana na mahali maambukizi yalipo. Wakati ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Kanada na Marekani uliwachukua wagonjwa mahututi wenye maambukizi makali, ukaotesha damu yao kabla ya antibiotiki na tena ndani ya saa mbili baada ya kuianza. Kabla, bakteria walionekana kwa wagonjwa 31 katika 100. Baada, walionekana kwa 19. Saa mbili tu zilitosha kuficha zaidi ya theluthi ya ukweli. Kwetu, ambako mgonjwa mara nyingi hufika hospitalini akiwa tayari amemeza vidonge vya farmasi kwa juma zima, hasara hiyo huanza kabla hajapanda kitandani. Ndiyo maana ni lazima vidonge hivyo vitajwe, vyote, bila aibu. Anayeficha kwamba amechomwa sindano mtaani anamfanya daktari asome barua iliyofutwa nusu.

Pingamizi la kawaida ni muda: majibu ya maabara huchukua siku mbili au tatu, na mtu mwenye sumu ya bakteria kwenye damu hana siku tatu. Ni kweli, na hakuna anayeshauri kusubiri. Damu huchukuliwa, na dakika hiyo hiyo dawa huanza, ile ambayo daktari anaikisia kuwa ndiyo bora kwa hali hiyo. Kuotesha ni kwa ajili ya siku ya tatu. Siku hiyo ndiyo mgonjwa hubadilishiwa dawa kwa kubahatisha, au huendelea na ile ile kwa matumaini, au, kama antibiogramu imefika, hupewa dawa ambayo vidonge vidogo vya majaribio vimeonyesha kwamba inamuua bakteria wake mwenyewe. Kwa hiyo swali la siku ya tatu si "hakuna dawa kali zaidi?" bali "majibu ya labo yamefika, na yanasemaje?" Ni swali ambalo daktari mzuri hufurahi kuulizwa, na daktari aliyechoka hukumbushwa nalo.

Pingamizi la pili ni pesa, na hili halijibiwi kwa maneno matamu katika mji ambako mtu aliyepona anaweza kubakizwa hospitalini kwa sababu hajalipa. Kipimo cha kuotesha ni gharama ya ziada kwenye bili iliyokwisha kumwogofya kila mtu. Hesabu ya kufanya ni hii: siku tano za dawa isiyofanya kazi, nazo zimelipiwa, pamoja na kitanda, serumu, chakula na mtu mzima aliyeacha biashara yake sokoni, dhidi ya kipimo kimoja. Kwa homa nyepesi ya mtoto anayecheza, usilipie kuotesha chochote. Wala kwa mwanamke kijana anayeugua kibofu kwa mara ya kwanza. Lakini kwa mtoto mchanga mwenye homa, kwa kidonda cha upasuaji kilichokataa kufunga, kwa mfupa uliovunjwa na risasi unaotoa usaha, kwa ugonjwa wa mkojo unaorudi kila baada ya miezi miwili, na kwa yeyote ambaye daktari anataka kumbadilishia antibiotiki mara ya pili, ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu kati ya dawa mpya ya bei kubwa na kipimo, nunua kipimo.

Wapo pia wanaosema tatizo lote ni dawa feki. Hawakosei kulalamika: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba bidhaa 1 kati ya 10 za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au hafifu, na kidonge chenye nusu ya dawa ni shule bora ya usugu, kwa kuwa kinawaua dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wakizaana. E. coli aliye katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Hata hivyo hoja hii haielezi yaliyoonekana Bukavu. Katika maabara bakteria hawakujaribiwa na kidonge cha sokoni. Walijaribiwa na dawa ya kipimo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nao wakaota pembeni yake bila wasiwasi. Anayeilaumu farmasi kwa kila homa isiyoshuka atabadilisha farmasi tatu, na jeni itabaki ile ile.

Sasa mikono, ambayo nimeiacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo wasomaji wengi huiruka. Nimesema jeni huhama kati ya bakteria. Lakini bakteria wenyewe huhama vipi kutoka kitanda cha tatu hadi cha saba? Hawaruki. Hubebwa na vidole vya muuguzi, vya daktari, vya mwanafunzi wa tiba, na kwa kiwango kikubwa katika wodi zetu, vidole vya garde-malade anayemsaidia jirani aliye peke yake. Mwaka 2000 Didier Pittet na wenzake wa hospitali kuu ya Geneva walichapisha matokeo ya kampeni ya miaka minne ya kusafisha mikono. Wahudumu walikuwa wakisafisha mikono katika nafasi 48 kwa kila 100 zilizohitaji, wakafika 66. Si ukamilifu, ni theluthi mbili tu. Lakini wagonjwa waliokutwa na maambukizi ya hospitalini walishuka kutoka 16.9 kwa 100 hadi 9.9. Sijui antibiotiki yoyote mpya iliyoweza kuipunguzia wodi mzigo wa namna hiyo kwa bei ya chupa ya spiriti.

Najua kinachofuata: Geneva ina maji. Hapa bomba la REGIDESO, shirika la maji, linaweza kukaa kavu, na anayechota maji ya mgonjwa kwa bidoni akapanda nayo ngazi hatakubali kuyamwaga kwenye vidole mara kumi kwa siku. Lakini kilichobadilisha Geneva hakikuwa bomba. Kilikuwa kimiminika cha spiriti kilichowekwa kando ya kitanda, ambacho hakihitaji maji wala taulo. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ni ya wazi na inaweza kuchanganywa katika farmasi ya hospitali yenyewe: ethanoli, gliserini kidogo ya kulinda ngozi, na haidrojeni peroksaidi kidogo ya kuua mbegu za vijidudu zilizoingia kwenye chombo. Wakati wa Ebola, ambayo mwaka 2019 ilifika hadi Mwenga katika mkoa huu huu, ndoo za klorini zilisimama kwenye milango ya kila jengo na hakuna aliyeuliza maji yametoka wapi. Bakteria wenye CTX-M-15 hawaui kwa kishindo, basi ndoo zimeondoka. Familia isisubiri zirudi. Chupa ndogo ya spiriti ya mikono iwekwe kwenye mfuko wa mgonjwa pamoja na sahani na blanketi. Ipakwe kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Baada ya kumwaga mkojo. Kabla ya kumlisha. Mikono inayoonekana kuwa na uchafu inahitaji sabuni na maji, hata kikombe kimoja kikimiminwa na mwenzako, kwa maana spiriti haipenyi uchafu.

Kuna milango mitatu mingine. Wa kwanza ni sonda ya mkojo na sindano ya serumu. Kila mpira unaoingia mwilini ni njia ya bakteria, na hatari huongezeka kadiri siku zinavyopita. Uliza kila asubuhi: bado inahitajika? Mara nyingi jibu ni kwamba imesahaulika. Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kibofu, usiguse sakafu. Mlango wa pili ni kitanda chenyewe: kuketi juu ya kitanda cha mgonjwa wa jirani, kuazimana beseni, kukausha mikono kwa kitenge kile kile cha siku tatu. Wa tatu unagusa mila, kwa hiyo niuseme polepole. Mtoto akizaliwa tunakuja wengi, na kila mtu anataka kumshika. Utafiti wa BARNARDS, uliochapishwa mwaka 2021 ukihusisha nchi saba, ikiwemo Rwanda ambayo inatutazama kutoka ng'ambo ya Ruzizi, ulikuta Klebsiella akiongoza katika maambukizi ya damu ya watoto wachanga, na ampisilini, nusu ya tiba wanayoanzia watoto hao karibu kila mahali, ikiwa imeshindwa na takriban bakteria wote wa kundi lake. Kwa mtoto njiti wa wodi ya uzazi, zawadi bora ya shangazi ni kumpongeza mama kwa mbali, na kumshika mtoto siku atakapofika nyumbani.

Yapo mapingamizi ambayo sitayakalia sana. Kwamba jeni za usugu ni za kale ni kweli. Mwaka 2011 zilielezwa kutoka udongo ulioganda kwa miaka 30,000 huko Yukon, Kanada. Kuwepo kwake hakukuwa tatizo. Tatizo ni sisi kuzipa kazi kila siku. Kwamba mifugo hupewa antibiotiki kwa wingi duniani pia ni kweli, na jeni ya kuishinda kolistini, mcr-1, ilitangazwa China mwaka 2015 baada ya kupatikana kwa nguruwe na kwa watu. Lakini anayeuguza mtu leo hawezi kuyafunga mabanda ya dunia. Na kwamba madaktari ndio wanaoandika seftriaksoni kwa kila kitu? Wapo. Wengi huandika kwa sababu ni sindano moja kwa siku, ni nafuu, na familia imesimama kando ya kitanda ikidai kitu cha kuchomwa. Tukiacha kudai, tutakuwa tumeondoa angalau sababu moja.

Lililo gumu zaidi kukubali ni kwamba hata tukipunguza dawa kesho, jeni hazitaondoka keshokutwa. Bakteria waliovaa bangili kwa muda mrefu hujirekebisha hadi isiwalemee tena, na mtu aliyepona kabisa anaweza kuendelea kuwabeba utumboni kwa miezi, bila dalili yoyote, nyumbani, kati ya watoto. Haina maana kumtenga wala kumwonea aibu; choo kisafi na mikono iliyonawiwa kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni vinatosha. Vidonge vilivyobaki visihifadhiwe kwenye kopo kwa ajili ya mgonjwa ajaye, wala visigawiwe jirani. Na ule usemi wa kumaliza dozi? Umeanza kuchunguzwa upya, kwa kuwa kwa magonjwa kadhaa siku tano zimeonekana kutosha mahali palipozoeleka kumi, na kila siku ya ziada ni siku ya kuwapalilia sugu. Hilo halimpi mgonjwa ruhusa ya kujikatia dozi mwenyewe. Linampa haki ya kuuliza siku ya kuagizwa: ni siku ngapi hasa, na kwa nini?

Mwisho ni karatasi. Siku ya kutoka hospitalini watu huomba risiti na kusahau antibiogramu, karatasi yenye majina ya dawa na, kando ya kila moja, herufi S (dawa inafanya kazi) au R (bakteria ni sugu). Omba nakala. Ipige picha kwenye simu, kisha iweke mahali zinapokaa kadi za chanjo za watoto. Mtu huyo akiugua tena ndani ya mwaka, iwe usiku wa manane, iwe katika kituo kidogo cha afya cha Cahi au ng'ambo ya mpaka, karatasi hiyo itolewe kabla ya kusema neno la homa.